Pikipiki ya Saa Nne

Kabla ya alfajiri cherehani ilianza kulia. Tki-tki-tki, kimya, tki-tki-tki. Mkunga alifumbua macho, akajua mama yake anamalizia nguo za wateja. Alitaka ziishe zote kabla cherehani haijapata mmiliki mwingine.

"Mama, nimeshakwambia hatuiuzi."

"Na mimi nimeshakwambia macho yangu yamechoka," alijibu mama, huku akitunga uzi sindanoni bila miwani, mara moja tu ukapita.

Mwezi uliopita mkunga aliitwa ng'ambo ya kilima. Pikipiki yake ilikuwa imekufa kabisa, akaenda kwa miguu, mvua ikimchapa. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, na hakulia. Tangu siku ile yeye na mama yake walikuwa wakilala usingizi wa mang'amung'amu.

Dukani palikuwa na pikipiki mpya, nyekundu, kiti chake bado kimevaa nailoni. Akiba yake ilitosha nusu ya bei. Nusu ya pili ilikuwa ni cherehani. Mwenye duka alikubali kumwekea mpaka leo jioni.

Nyingine ilikuwa iliyotumika, uani kwa mzee mmoja aishiye peke yake nyuma ya kiwanda cha matofali. Kwenye usukani alitundika kipande cha boksi kilichoandikwa INAUZWA. Hiyo akiba yake iliimudu, na cherehani ingebaki palepale dirishani.

Wiki hiyo alikwenda kwa mzee mara tatu. "Njoo saa nne," mzee alisisitiza kila mara. "Si kabla." Na kila alipofika alikuta vikombe viwili siniani, chai, na mkate ungali vuguvugu.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda, binti yangu," alisema mzee akiipiga pikipiki kofi la upendo. "Hizo za dukani ni bati tupu. Hii ni chuma."

"Mara ya mwisho uliiendesha lini, baba?"

"Kabla goti hili halijanisaliti. Miaka miwili sasa. Imekaa tu, kama mimi."

Mkunga aliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto.

Aliisoma mita, akazikariri namba. Alipokuja mara ya tatu zilikuwa zimeongezeka karibu kilomita mia mbili.

"Baba, hii mita inatembea yenyewe?"

"Ukizeeka hata mita inajisahau. Kunywa chai, inapoa."

Kila alipoulizia kadi ya umiliki wa pikipiki, haikuwapo. Mara iko kwa mwanawe wa mbali, mara mwanawe hajapiga simu. Lakini mzee hakusahau kuuliza, "Yule wako wa mapacha, ameshajifungua?" Na hakumwacha aondoke bila kumfungia mama yake kipande cha mkate.

Mama aliula mkate, lakini hakuyameza maneno. "Mtu mwenye kadi haifichi. Hiyo ni ya wizi, au anaikodisha na kukuona wewe mjinga. Mkate mtamu huo, ila mwongo huyo."

Mkunga alijua mama ana haki ya kushuku. Lakini asubuhi hii, akiisikiliza cherehani ikiharakisha kama mtu anayefunga mizigo, alizifunga fedha kitambaani. Atamwomba mzee kadi kwa mara ya mwisho. Hakuweza kungoja saa nne. Saa mbili alikuwa mlangoni pa uani.

Pikipiki haikuwapo.

Lile boksi la INAUZWA lilikuwa juu ya kiti cha mbao, kamba yake imekunjwa vizuri. Vikombe viwili vilikuwa vimepinduliwa juu ya kitambaa safi. Mzee alitoka ndani, shati halijafungwa vifungo, akashtuka kama aliyefumaniwa.

"Si nilisema saa nne!"

"Umeiuza, baba?" aliuliza mkunga. "Wiki nzima umeniweka. Leo ndiyo mwisho dukani. Mama yangu yuko nyumbani anaiaga cherehani yake. Niambie kweli tu, hata kama ni mbaya."

Nje injini ilinguruma, mlango wa uani ukasukumwa na gurudumu.

Aliyeingia na ile pikipiki alikuwa muuza mikate, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, kreti iliyokaribia kuwa tupu imefungwa nyuma yake. Alizima injini, akashusha kreti, akautoa mkate mmoja uliobaki na kuuweka siniani. Akalifuta tangi kwa mkono wa shati. Kisha, bila hata kuangalia, akalichukua boksi kitini na kulitundika kwenye usukani, kama mtu anayetundika koti nyumbani kwake.

Ndipo alipomwona mkunga.

"Samahani, dada," alisema taratibu. "Aliniuzia mwaka juzi, kadi ninayo mimi. Nikimaliza kugawa mikate, kabla ya saa nne, naileta hapa, jioni naichukua; leo nimewahi kumaliza. Isipokuwepo, hapa haji mtu."

Mkunga alikishika kitambaa chake cha fedha kwa mikono miwili. Mzee hakumtazama. Alikigeuza kikombe kimoja, kisha cha pili, akamimina chai, nyingine ikamwagikia sinia.

"Hiyo mpya," alisema, "ukishaichukua, si utapita nayo niione? Njoo saa yoyote tu."