Nyama ya Ngano

Bernadette aliukanda unga wa ngano, akauosha ndani ya beseni hadi maji yakawa meupe kama maziwa na mkononi kikabaki kipande kinachovutika kama mpira. Akina mama wa kanisani ndio waliomfundisha: ukikichemsha, kisha ukakikaanga na vitunguu na nyanya, ulimi hudanganyika.

Baba mkwe wake, kipofu, alikuwa ameikataa sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku tatu mfululizo. Alitaka nyama, na bei ya nyama kwenye soko la Mudzipela ilikuwa imewashinda.

Bernadette alimnawisha, akamwekea bakuli mkononi. Mzee akatafuna taratibu, mchuzi ukimchuruzika kidevuni. Bernadette akashusha pumzi.

"Hii nyama iko ya ng'ombe gani?" mzee akauliza. Maisha yake yote alikuwa mfugaji. Hakuwahi kumeza nyama bila kujua imetoka kwa mnyama yupi.

"Ya ile nyekundu, Papa. Ile ya pembe moja." Ndilo jibu la kwanza lililomjia.

Mzee akaacha kutafuna. Uso ukamng'aa.

"Ile nyekundu iliendaka na mutoto wangu kule Kilo. Basi amerudi!"

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu Bernadette amzike mumewe hukohuko Kilo, karibu na mizoga ya ng'ombe zao. Moyo wa mzee ulikuwa dhaifu. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mzee akajisogeza, akapapasa mkeka pembeni yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Umuite mbio, mama. Nyama inapoa."