Safari ya Tukuyu

Siku hizi mtu akikosa nafasi hutuma kivuli chake, chenye sura yake, sauti yake na utani wake. Ndivyo Sekela alivyosafiri na vivuli vya marafiki zake wa tangu shule, Atupele na Lugano, vikiwa kiti cha nyuma cha gari lake, wakipita taratibu kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu huku wakicheka njia nzima.

Alisimama kununua ndizi za kuchoma, akala peke yake. Upweke ukamzidi, akampigia simu Atupele mwenyewe.

"Shosti, natamani ungekuwepo."

"Si nipo hapo nyuma? Ongea nami huko, niko kazini." Akakata.

Kivuli cha Atupele kikainama mbele. "Nimekukumbuka pia, shosti."

Sekela akawasha gari, na nyuma yake kicheko kikaendelea.