Mashine Pepe ya Baba Mkwe

“Lo!” mzee alisoma kwenye skrini. “Hata mashine yenyewe inashangaa.”

“Haishangai, baba,” fundi alisema kwa adabu zote alizokuwa nazo, na nyingine za kuazima. “Hilo ni jina tu. Ni mlango ambao mashine huupitia ikitaka kuzungumza na nafsi yake.”

“Kumbe nayo hujisemea peke yake. Basi tuko wawili.”

Fundi alicheka kupita kiasi. Angecheka hata kama mzee angepiga chafya. Asubuhi mchumba wake alimweleza waziwazi: baba, ambaye hawajawahi kuonana naye, hataki picha wala kusikia sifa. Kompyuta ya ofisini kwake imekata mtandao; basi huyo kijana aende akaitengeneze, atamjulia kazini. Akiiweza, amepata mke. Akishindwa, awasalimie kwao.

Balaa lenyewe lilikuwa la jengo zima. Mwisho wa wiki mashine za ofisi zote zilihamishiwa kwenye seva moja mpya kule chini, na tangu hapo korido nzima ya ghorofa ya pili ilikuwa ikililia mtandao.

“Niliambiwa atakuja mtu mzima,” mzee alisema, akimpima kuanzia viatuni hadi kichwani.

“Utu uzima ni kazi, baba, si miaka.”

“Tutaona. Wewe ni wa tatu. Wawili wa kwanza niliwatimua.”

Fundi aliinamia kibodi haraka, uso usije ukamsaliti. Mchumba hakuwahi kumtajia hao wawili.

“Hii yako ni mashine pepe, baba.”

“Pepo?”

“Pepe. Haina mwili wake. Inaishi ndani ya mashine nyingine.”

“Haina mwili, inaishi ndani ya mwenzake, halafu unaniambia si pepo. Haya, endelea kupunga.”

Fundi alifungua faili la mipangilio, na hapo akauona ugonjwa. Faili lilikuwa bado linaiita kadi ya mtandao eth0, jina lake la zamani. Kwenye seva mpya kadi ilikuwa imebatizwa upya: enp0s3.

“Hilo ni jina,” mzee aliuliza, “au mtu amekalia kibodi?”

“Ni jina, baba, tena lina maana. Hiyo en ni kadi ya waya. p0 ni mtaa sifuri, s3 ni nyumba namba tatu mtaani humo. Zamani kadi iliyowahi kuamka ndiyo iliyoitwa sifuri. Siku hizi jina linakwambia inakaa wapi. Sasa faili linaita jina la utotoni, na mwenyewe ameshakua. Haitiki.”

“Hata mke wangu nikimwita la utotoni hageuki.”

Fundi alifuta eth0, akaandika enp0s3, akawasha mtandao upya. Sekunde ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Aliiona harusi yake ikiyeyuka hivihivi. Mara majibu yakaanza kumiminika kwenye skrini, na barua pepe za siku nne zikaingia kwa fujo.

Mzee alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Mwanangu, nakupa. Sitafuti mwingine. Ila uitunze!”

Uitunze? Fundi aliona hii si siku ya kumsahihisha baba mkwe sarufi.

“Nitatunza mpaka kufa, baba,” alisema, machozi yakimlengalenga.

“Mwaka mmoja kwanza,” mzee alisema. “Halafu tutaangalia.”

Fundi akacheka tena, safari hii kwa raha. Kupata mkwe mcheshi ni bahati. Aliaga kwa kuinama mara tatu, akatoka kinyumenyume hadi koridoni, na kabla hajafunga mlango vizuri simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mchumba wake.

“Hongera, mpenzi! Baba amepiga sasa hivi, mashine yake imepona na amekukubali mbele ya ofisi nzima. Ila amenigombeza sana: kwa nini nilimficha kwamba una mvi na wajukuu wanne?”