Kikohozi cha Mzee Simforiani

Kanuni ilijulikana mjini kote: muziki unaosikilizwa kwa moyo hubaki, usiosikilizwa hukatwa kipande kwa kipande mpaka uishe. Spika za ukutani ndizo zilizopima mapigo ya moyo ya wasikilizaji.

Eufrasia hakuwa na wasiwasi. Marehemu baba yake, Mzee Simforiani, alitunga konseto moja tu, piano ikibembelezana na okestra nzima, na wenzake wakamcheka kwamba ni muziki wa karne iliyokwisha kuzikwa. Dunia ikamsahau. Binti yake, lakini, aliifungulia rekodi aliyoipiga mzee mwenyewe kila Jumapili akipika. Baba hukohoa, huvuta kiti, husema, "Haya, tuanze," na hapo kisu cha Eufrasia husimama hewani, akimsikiliza baba. Piano ikianza, hurudi kwenye vitunguu vyake.

Jumapili hiyo alikuja Beneta, mpiga piano kijana, aliyetaka kujifunza konseto hiyo kwa kuisikia, maana karatasi za mzee zilishaliwa na mchwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo sipiki, tunamsikiliza baba."

Mzee akakohoa. Kiti kikakwaruza sakafu. "Haya, tuanze."

Kisha kimya. Kisha spika ikatangaza, kwa adabu zote, kuwa muziki umekwisha.

"Mbona hajapiga, mama?" Beneta akauliza.

Eufrasia alijaribu kukumbuka Jumapili iliyopita alisikia nini baada ya hapo. Alikumbuka vitunguu vikilia mafutani.

"Rudia!" akaifokea spika, na baba akakohoa tena, safi kabisa, kama yuko pale sebuleni.