Kikapu cha Saa Sita

Tangu sheria mpya ianze, vioo vya madirisha ya trekta dogo la Atuganile vilionyesha kila kitu shambani, hadi jani la kahawa, isipokuwa mtu aliyefutwa kwenye daftari la shamba. Mlango nao ulipanuliwa, ngazi ikashushwa, kupanda na kushuka kukawa raha.

Mumewe, mzee Ambakisye, alifutwa alipostaafu. Hata hivyo, kila siku saa sita mchana Atuganile aliona kikapu cha chakula kikija chenyewe hewani. Alizima injini, akashuka, wakala pamoja.

Leo kikapu kilikuwa chini, kando ya njia. Atuganile alidhani mzee amechoka kusubiri, amerudi nyumbani, akaendelea na kazi. Trekta likaruka kidogo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mumewe akiona jiwe mbele ya trekta, huweka kikapu chini na kuinama kuliondoa.

Akakanyaga breki. "Fungua mlango!"

"Samahani, mama," trekta likajibu kwa upole. "Kuna kitu kimeuegemea."

Akabandika uso kwenye kioo. Ngazi ilikuwa tupu, inang'aa juani.

"Kitu gani?"

"Hakimo daftarini."