Nungunungu na Vyura wa Bwawa la Michezo

Enzi zile wanyama wa nchi zote walipokuja kushindana, maskoti wa michezo, yaani mnyama aliyekuwa nembo yake, alikuwa Nungunungu. Kila alipoifungua, alishangiliwa hadi miba ikamsimama.

Uzeeni akarudi kuviona viwanja vyake. Uwanja wa mbio ulikuwa umegeuka malisho. Kwenye bwawa la kuogelea, vyura walipanga foleni ukingoni wakiimba, “Nungu ee, tufungulie michezo!”

Nungunungu akawasogelea ukingoni. “Wajukuu zangu, huyo Nungu mnamjua?”

“Shikamoo, babu. Hatumjui,” akajibu chura wa mbele. “Bibi zetu walituusia tusiingie majini kabla ya kumwimba.”

Nungunungu akajikohoza, tayari kujitaja.

“Samahani, babu, sogea kidogo. Hapo uliposimama ndipo tunaporukia.”

Akasogea. Wimbo ulipoanza tena, akaitikia pamoja nao.