Mluzi wa Kuita Upepo

"Na utajuaje kwamba modeli yako haidanganyi?" mwenyekiti wa jopo aliuliza kutoka kwenye laptopu.

Naila alikuwa akiomba nafasi ya uzamifu, aifundishe kompyuta jinsi upepo unavyotenganisha punje na makapi. Majibu yake yote alikuwa ameyaandaa kwa grafu. Lakini hapo hapo upepo, ambao wapepetaji wote wa Kyuso waliungoja tangu asubuhi, ukafika, na mama yake nje akainua ungo wa ndengu.

Naila akaigeuza laptopu ielekee dirishani.

Punje za ndengu zilishuka wima hadi kwenye turubai, kijani kibichi, zikirukaruka. Makapi yalipinda, yakaelea, yakatua pembeni, kwa mkunjo uleule uliokuwa kwenye grafu zake.

Kwenye skrini maprofesa watatu walisongamana, kila mmoja akitaka kuona.

"Mwambie amwage tena," mwenyekiti akasema.

"Mama, mwaga tena!"

"Nimwage aje na upepo umenyamaza?" Mama alikuja kuchungulia dirishani. "Hao ndio maprofesa wako? Si wapige mluzi, upepo urudi."

Naila akawatafsiria kwa Kiingereza, uso ukimwaka kwa aibu. Laptopu ikawa kimya. Alidhani mtandao umekatika, na nafasi yake imekwenda nao.

Kisha mwenyekiti akavua miwani, akachongoa midomo, akapiga mluzi mwembamba, mrefu. Wenzake wawili wakamfuata.

Nje, leso ya mama ikaanza kupepea.